Mama yangu kwenye postikadi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Unaposafiri na kamera, nini kinakupa haki ya kumpiga picha mtu usiyemjua akiwa kwenye shughuli zake?" Nililisoma kwenye daladala, nikashuka bado ninalo kichwani. Mimi nimewahi kukaa pande zote mbili za kamera, kwa hiyo naomba mnivumilie nikijibu kwa urefu.

Kwetu ni Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Mama yangu analima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia kijijini kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Saa ya kwenda shamba haipangwi na mtu, inapangwa na bahari. Bamvua likifika, maji yanakupwa mpaka mbali, na wanawake wanateremka na vigingi, kamba na magunia. Kisha wanainama. Kila kishada cha mbegu hufungwa kwenye kamba kwa taitai, yaani kijikamba chembamba, na vidole vinavyofunga vimeshasinyaa kwa chumvi. Kazi hiyo ni ya saa tatu au nne, maji magotini, jua mgongoni. Mgeni aliyetoka hotelini kutembea ufukweni anaona kitu kingine: bahari ya buluu, mistari ya vigingi, kanga nyekundu. Anapiga, anaendelea na matembezi yake.

Mwaka 2004 mjomba alirudi kutoka mjini na postikadi. Aliiona nje ya duka la vitu vya watalii, akaijua kanga kabla ya kumjua mtu. Alikuwa mama. Kainama, mgongo umeelekea kamera, uso hauonekani, kanga imemganda mwilini kwa maji. Nyuma ya kadi paliandikwa jina la kisiwa, basi.

Mama aliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Tulidhani ataulizia pesa. Hakuulizia. Alisema, "Kwa nini hakungoja nikageuka?" Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na hii kanga ni ya kazi."

Maneno ya pili nimechelewa kuyaelewa. Kwa watu wa rika la mama, kupigwa picha kulikuwa jambo la kujitayarisha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza. Katika studio za namna ile watu waliingia kwa miguu yao, wamevaa nguo za sikukuu, wakakaa, wakaitazama kamera, wakarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha iliyokwisha kusafishwa. Bibi yangu alipigwa mara moja tu maishani mwake, katika studio ya mjini, na ile picha bado ipo kabatini imefungwa kwenye kitambaa. Ilikwenda nyumbani na mwenyewe. Ya mama ilikwenda Ulaya, nadhani, na kila ilikokwenda, isipokuwa Jambiani.

Mwishoni mwa mwaka 2016 nikawa mgeni mimi. Nilimpeleka baba Chennai, kusini mwa India, kwa matibabu ya moyo, kama wanavyofanya wagonjwa wengi wa kwetu. Tulikaa wiki saba katika loji moja mtaa wa Mylapore, si mbali na hekalu la Kapaleeshwarar. Anayeuguza ugenini ana muda mwingi na hana la kufanya. Kila alfajiri nilishuka kununua kahawa, ile ya maziwa wanayokupa kwenye bilauri ya chuma iliyokaa ndani ya kibakuli, unaimiminia humo mpaka ipoe. Nikasimama kuinywa nje.

Nyumba ya mkabala alikaa bi mkubwa mmoja. Majirani walimwita Amma, nami nikamwita hivyo hivyo. Kabla jua halijachomoza alifagia mbele ya kizingiti chake, akanyunyiza maji, akaanza kuchora kolam, mapambo ya ardhini wanayoyachora wanawake wa Kitamil kwa unga wa mchele. Ulikuwa mwezi wa Margazhi, unaoanza katikati ya Disemba, na katika mwezi huo huchora makubwa zaidi. Alianza na nukta, safu kwa safu. Kisha akabana unga kati ya kidole gumba na cha shahada, akauacha udondoke mwembamba kama uzi huku mkono unakwenda. Mstari ulizunguka nukta bila kuigusa, ukapita chini ya mwenzake, ukapinda, ukarudi ulikoanzia. Sikumwona akifuta hata mara moja. Jua likipanda pikipiki zilipita juu yake, sisimizi wakaubeba unga, na alasiri palibaki weupe wa kubahatisha. Kesho yake alfajiri, anaanza tena.

Siku ya kwanza niliinua simu nimpige picha. Kwenye kioo nikaona mwanamke kainama, sari imechomekwa kiunoni, mgongo umeelekea kwangu. Nikamwona mama. Nikairudisha simu mfukoni.

Siku ya nne nikathubutu kusema "vanakkam", salamu yao, na akacheka kwa namna nilivyoitamka. Mjukuu wake, kijana wa chuo aliyejua Kiingereza, akawa mkalimani wetu. Amma alitaka kujua baba anaendeleaje, ana miaka mingapi, kwetu tunakula nini. Siku nyingine alinitilia unga kiganjani nichore nukta. Zilikwenda upande, akazipanga upya kwa ncha ya kidole, taratibu, bila kunifukuza. Baada ya wiki hivi mjukuu akaniambia, "Bibi anauliza, wewe una simu nzuri, mbona humpigi picha kama wengine?" Nikasema nilikuwa nangoja.

Akaingia ndani. Alikaa sana, kahawa ikapoa. Alipotoka alikuwa na sari ya zambarau yenye pindo la dhahabu na asmini kichwani. Akasimama kando ya kolam yake, akanyooka, akanitazama. Nilipiga tatu. Siku hiyo hiyo nikaenda duka la kusafishia picha, nikatoa kopi mbili kubwa. Alipoipokea yake aliipangusa kwa ncha ya sari, ingawa haikuwa na vumbi.

Rafiki yangu mpiga picha, ninayemheshimu, aliniambia hiyo si picha ya maisha ya kila siku. Ukishamwomba mtu ruhusa, anasema, atavaa, atasimama wima, na kile ulichokifuata kitakuwa kimepotea. Mimi hapo ndipo ninapotofautiana naye kabisa. Kitu kikiitwa cha kila siku, maana yake kesho kitakuwepo. Amma alichora kesho yake, na kesho kutwa, na mpaka sikukuu ya Pongal katikati ya Januari alikuwa ameshanizoea, anachora kama sipo. Picha za mikono yake nilizozipata siku hizo, unga ukiwa bado hewani, ndizo bora nilizorudi nazo kutoka India. Kadhalika mwani: bamvua moja likipita, lingine linakuja baada ya wiki mbili. Kinachokosekana ni subira ya mgeni, ambaye keshakata tiketi ya kuondoka.

Hoja ya rafiki yangu ina pahali pake pa kweli, nalo nalikubali. Karibu na mwaka 1930, Martin Munkácsi wa Hungaria alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbi, picha ambayo kwa miaka mingi imejulikana kuwa ni ya Ziwa Tanganyika. Henri Cartier-Bresson alipoiona huko Ufaransa, ilimwasha moyo akaamua kushika kamera, na yeye ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa wapiga picha wa mitaani dunia nzima. Picha ile isingeombwa ruhusa. Mtoto anayekimbilia maji humwambii asimame kwanza. Lakini watoto wale walitoka majini. Wakati wa kuwafuata na kuwauliza majina ulikuwepo. Imekaribia miaka 100, tunalijua jina la mpigaji na la aliyeguswa na picha, na la wavulana hatuna hata moja.

Na hao walau wanaonekana wakifurahi. Sharbat Gula alipigwa picha na Mmarekani Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar nchini Pakistan, akiwa msichana mdogo kutoka Afghanistan. Mwaka uliofuata uso wake ukawa kwenye jalada la National Geographic, ukasambaa duniani kote. Jina lake dunia ililijua mwaka 2002, alipotafutwa akapatikana, na hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye kuiona picha yake. Mama aliisubiri yake muda mfupi zaidi, kwa bahati tu ya mjomba kupita njia ile.

Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, ni kwamba haki hiyo kamera haikupi, wala tiketi ya ndege. Anakupa mwenyewe, na mara nyingi anakupa kwa wepesi ukikaa kidogo. Soko lote kwa mbali napiga bila kuuliza, na mandhari ndiyo kabisa, ingawa huniuma kuona picha za matangazo ya pwani yetu zilizongoja maji yajae ili vigingi vya mwani visionekane. Wodini kule Chennai sikupiga hata moja. Nikimpiga mtu mwendoni kabla ya kuuliza, narudi namwonyesha, na akikunja uso naifuta mbele yake. Na nimezoea kusafisha picha kabla sijaondoka mji wa watu, kwa sababu ahadi ya "nitakutumia" najua inavyoishia.

Mwaka 2021 mjukuu wa Amma alinitumia ujumbe. Hapakuwa na maneno, palikuwa na picha ya ukuta wa sebule yao. Ile niliyoisafisha imetiwa fremu, na juu yake imetundikwa shada la asmini. Katika nyumba za Kitamil shada huvishwa picha ya aliyefariki. Baadaye akaandika kwamba walipotafuta picha ya kuweka, zilizokuwemo ndani zilimwonyesha bibi yake katikati ya watu, harusini, akitazama pembeni.

Nilimwonyesha mama. Alichukua simu akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza yule bibi alikuwa na watoto wangapi.