Jibu: Misri kuwa bingwa wa kikapu Ulaya

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Misri iliwahi kuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa Ulaya. Kweli kabisa, mwaka 1949, tena nyumbani Cairo! Mashindano yalianza Geneva 1935, Latvia wakaifunga Hispania 24–18 fainali. Alama 24 tu. Leo timu huzipata katika robo moja ya mchezo. Misri walishiriki tangu 1937, na 1947 wakawa wa tatu nyuma ya Wasovieti na Chekoslovakia. Hao wawili hawakwenda Cairo. Zilikuja timu saba, zikiwemo Syria na Lebanoni. Ufaransa ikawa ya pili, Ugiriki ya tatu. Wapo wanaoubeza ubingwa ule kwa sababu Wasovieti na Chekoslovakia hawakuwepo. Mimi sikubaliani nao: aliyekuja uwanjani ndiye anayehesabiwa.