Maswali ya Wasomaji: Kuandika na kutunza kumbukumbu ya babu mchungaji na mkulima

SWALI: Babu yetu mzaa baba alikuwa mchungaji wa Moravian na mkulima wa kahawa na ndizi hapa Rungwe. Siku ya maziko ilisomwa karatasi moja iliyojaa vyeo na orodha ya watoto. Mwakani tunafanya ibada ya kumbukumbu, tungependa historia yake iandikwe sawasawa. Hata mwaka aliozaliwa hatuna hakika nao. Tuanzie wapi?
Mjukuu, Tukuyu

JIBU: Poleni kwa msiba. Anzieni kwenye vitabu vyake, kabla hamjamhoji mtu yeyote. Tangu karne ya 18, kule Herrnhut, Ujerumani, Wamoravian wamekuwa na desturi ya muumini kuandika mwenyewe maisha yake. Akifariki, jamaa au mchungaji huongeza kipande cha mwisho, na maandishi hayo husomwa mazikoni. Maelfu yamehifadhiwa huko hadi leo. Si ajabu basi kama babu yenu naye aliacha kurasa kadhaa mahali. Pekueni Biblia zake zote, kitabu cha nyimbo, madaftari ya mahubiri, na hasa vitabu vya neno la kila siku, vile ambavyo Wamoravian wamekuwa wakivichapa tangu 1731. Wachungaji wengi huandika pembeni mwa tarehe: mvua ya kwanza, ng'ombe kuzaa, safari, msiba. Mistari kumi ya namna hiyo itawafaa kuliko sifa za kurasa tano.

Mwaka wa kuzaliwa. Kadi ikionyesha tarehe 1 Januari au 1 Julai, chukulieni kwamba karani alikisia. Nendeni kwenye kitabu cha ubatizo cha ushirika alikobatizwa, mkiwa na barua ya mchungaji wenu, jina la babu, jina la baba yake, na makisio ya mwaka. Hapa ndipo wengi hukwama: wanatafuta jina la ukoo linaloanza na Mwa-, kumbe karani aliandika jina la ubatizo na la baba tu. Soma ukurasa mzima, kisha fungua miaka mitatu mbele na mitatu nyuma. Mkitaka kufika kwa wazazi wake, jiandaeni kukuta lugha na mwandiko vikibadilika. Wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe 1891, wakaondolewa wakati wa Vita ya Kwanza. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Nyasaland (Malawi ya leo), wakaangalia vituo kwa muda. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, kisha wakaondolewa tena Vita ya Pili ilipoanza. Mwandiko wa Kijerumani wa zamani hausomeki hata kwa anayejua Kijerumani cha leo, kwa hiyo pigeni picha ukurasa, mtafute mjuzi baadaye.

Kitabu kisipopatikana, banani mwaka kwa matukio. Waulizeni wazee wa rika lake: wanaume walipokuwa wakienda Chunya kwenye dhahabu ya Lupa miaka ya 1930, yeye alikuwa amezaliwa? Vita ya Pili ilipoisha 1945 alikuwa anachunga ndama au ameanza shule? Uhuru 1961 ulimkuta ameoa? Operesheni ya vijiji ya 1974 ilimkuta na watoto wangapi? Majibu manne yanayokubaliana yanatosha kuandika “anakadiriwa kuzaliwa kati ya 1932 na 1935”. Andikeni hivyohivyo. Mwaka mmoja uliobuniwa utanakiliwa na wajukuu wote kuanzia siku hiyo.

Utumishi wake. Tofautisheni mwaka alioanza uinjilisti, mwaka aliobarikiwa kuwa mchungaji, na kila uhamisho, maana familia huwa inavichanganya vyote kuwa “alimtumikia Mungu miaka 40”. Tengenezeni jedwali la safu nne: ushirika, mwaka wa kufika, mwaka wa kuondoka, kilichofanyika pale. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Kanisa la tofali lilijengwa? Nani alichoma tofali, mbao zilitoka wapi, bati zilinunuliwa kwa mazao gani? Majibu yako kwenye kitabu cha mihutasari ya baraza la wazee wa ushirika husika. Siku hizi Kanisa la Moravian lina Jimbo la Kusini, lenye makao Rungwe, na Jimbo la Kusini Magharibi, lenye makao Mbeya. Mchungaji aliyehamahama huenda ana mafaili pande zote mbili, kwa hiyo jibu la “hatuna” kutoka ofisi moja lisiwakatishe tamaa.

Na shamba sasa. Wasifu nyingi hulimaliza kwa maneno manne, “pia alikuwa mkulima”, na hapo ndipo tunapogombana na waandishi wake. Mchungaji wa kijijini alisomesha watoto kwa kahawa, maziwa na mikungu ya ndizi, na asubuhi nyingi za maisha yake alizianza na jembe. Nendeni shambani na daftari. Pimeni kwa hatua: 70 kwa 70 ni karibu ekari moja. Hesabuni mibuni na visiki vyake. Mibuni ya zamani ilipandwa mara nyingi futi 9 kwa 9, yaani kama miche 538 kwa ekari, hivyo visiki 270 katika mistari iliyonyooka vinawaambia palikuwa na nusu ekari ya kahawa hata kama leo pamejaa maparachichi. Kisha ulizeni mambo matatu: zao gani lililisha nyumba, lipi lililipa ada, na lipi aliliacha na kwa nini. Swali la tatu huwafungua wazee midomo. Watawaeleza bei ilivyoanguka, malipo yalivyochelewa, ugonjwa wa chulebuni, ng'ombe wa maziwa walivyoingia, na mtajua uamuzi wake kama mkulima. Ulizeni pia alifanyaje Jumamosi wakati wa mavuno: nani alibaki kwenye kahawa mbivu yeye akiandaa mahubiri? Jibu mara nyingi litakuwa bibi, na jina la bibi liingie hapo kwa uzito wake, si kwenye orodha ya “ameacha mjane” pekee.

Tahadhari mbili. Msiandike mipaka ya shamba wala “shamba la juu alimpa fulani”. Karatasi iliyosomwa kanisani hurudi siku moja mezani kwa baraza la ukoo kama ushahidi. Pili, orodha ya watoto ipitiwe na shangazi na baba wakubwa wiki mbili kabla, pamoja na watoto wa nje ya ndoa kama wapo. Ibada si mahali pa mtu kugundua kwamba jina lake limeachwa.

Urefu: karatasi ya A4 yenye herufi za ukubwa wa 14 husomwa kwa kama dakika tatu. Kurasa tatu zinatosha ibadani. Ile ndefu, hata ikiwa kurasa 20, toeni nakala tatu: moja ya ukoo, moja ya ofisi ya ushirika, moja ya ndugu anayeishi mbali.

SWALI: Marehemu baba aliacha madaftari zaidi ya thelathini ya mahubiri na ya shamba. Mengine yameota ukungu, mengine yameliwa kingo. Ndugu mmoja anataka kuyapeleka yakapigwe laminesheni. Ni sawa?
Msomaji, Mbozi

JIBU: Hapana. Laminesheni huyeyusha plastiki juu ya karatasi na haitoki tena, unyevu uliomo ukibaki ndani. Selotepu nayo baada ya miaka huacha gundi ya njano inayokula wino. Yatandazeni kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana, siku mbili tatu. Jua kali hufifisha wino. Ukungu ukishakauka, upanguseni nje ya nyumba kwa brashi laini ya rangi, pua zikiwa zimefungwa kitambaa. Msitumie kitambaa kibichi. Ondoeni pini na klipu zenye kutu.

Pigeni picha kabla ya kuyahifadhi. Kaeni karibu na dirisha, flashi ikiwa imezimwa, simu ikiwa sambamba na karatasi, ukurasa mmoja kwa picha moja, kingo zote zikionekana. Anzeni na jalada ili mjue kila picha ni ya daftari lipi. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na maandishi ya penseli hupotea. Sanduku la bati liwekwe juu ya tofali, mbali na ukuta, likaguliwe kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya mchwa.

Jambo moja halimo kwenye swali lako nasi hatuwezi kuliacha: daftari la mchungaji lina siri za watu. Humo mna ndoa alizosuluhisha na majina ya waliowekwa chini ya nidhamu ya kanisa, na watoto wao bado mnaishi nao kijijini. Mtu mmoja mwenye kifua asome kwanza. Kurasa za namna hiyo zifungwe kwenye bahasha yake, zisionekane kamwe kwenye kundi la familia.

SWALI: Tulijengea kaburi la babu mwezi mmoja baada ya maziko, sasa zege limepasuka katikati na upande mmoja umezama. Fundi analaumu saruji.
Wajukuu, Mafinga

JIBU: Zaidi ya saruji, laumuni haraka yenu. Udongo uliofukiwa hutitia, hasa mvua ikipita, na zege lililoulalia hubaki bila egemeo. Subirini msimu mzima wa mvua, jazeni na kushindilia, ndipo mjenge upya: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, unene sentimita 10, nondo au wavu wa chuma ndani, kisha kumwagilia siku 7. Maandishi yachongwe, ya rangi hayakai miaka mingi. Kuhusu vigae na paa, ni mfuko wenu, ila kule Herrnhut, kwa Wamoravian, mawe ya makaburi hulazwa bapa na yote hulingana, awe mchungaji au kibarua, nasi tunaona mpango huo una heshima yake.

SWALI: Nimekuta debe la maharage ya mbegu ya babu, rangi mchanganyiko. Yataota?
Mkulima, Rungwe

JIBU: Pima. Chukua punje 100 bila kuchagua, zikunje kwenye kitambaa kibichi, kiweke jikoni penye joto, kisikauke. Siku ya 7 hesabu. Zikiota 80 au zaidi, panda kawaida. Kati ya 50 na 80, weka punje tatu kwa shimo. Chini ya 50, zipande zote kwenye tuta la peke yake uvune mbegu mpya, maana mwakani zitaota chache zaidi. Usipande rangi moja tu kwa sababu soko linaitaka. Mchanganyiko ule ni kinga, kwani ugonjwa au mvua ikiangusha aina moja, nyingine husimama. Kabla ya kuhifadhi mavuno, tikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, subiri dakika 10. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha maharage juani. Na kama zimeota 50 au zaidi, theluthi moja ya debe la zamani usiipande msimu huu, mvua isije ikakukatisha.