Kabla ya kukopea nyumba ya urithi, angalieni hati

Dada, poleni kwa kumpoteza mzee. Umesema nyumba yake ya Buruburu, Nairobi, inavuja, na wewe na kaka zako mnataka kuweka hati dhamana benki, mkarabati kisha muuze.

Kwanza, hati iko kwa jina la nani? Kama bado ni la mzee, benki haitawakopesha, na sheria hairuhusu kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Kwa kawaida hilo husubiri miezi 6 tangu msimamizi ateuliwe.

Hata ikishahamishwa, mimi nisingekopa ili niweke jikoni granite ambayo mnunuzi ataing'oa. Fundi apande darini na bisibisi, adunge nayo mbao za paa. Ikizama kirahisi, zimeoza, na hapo ndipo pesa ziende. Halafu nyaya na bomba la majitaka. Rangi ni rahisi, hiyo mchangiane tu.

Mwiteni mthamini aliyesajiliwa awape bei mbili: ilivyo sasa, na ikikarabatiwa. Tofauti isipozidi gharama ya fundi pamoja na riba, iuzeni hivyo hivyo, na msimsikilize broka.

Kumbukeni marejesho hayangoji mnunuzi. Mkishindwa kulipa, benki hutoa notisi ya siku 90, kisha ya siku 40, halafu inaweza kupiga mnada. Kwa hiyo andikianeni kwa wakili nani analipa nini kila mwezi. Risiti za ukarabati mzitunze pia, maana faida ya mauzo hutozwa kodi ya asilimia 15.