Jibu: Corolla 110 inakula oili, niweke 5W-30 au 20W-50?

Mkuu salama. Nimekuelewa: Corolla 110, injini ya 5A, oili inapungua nusu lita kwa mwezi, fundi anataka 20W-50 (oili nzito), dukani wanakupa 5W-30 (oili nyepesi).

Usinunue kwanza. Angalia uvujaji. Yangu nilidhani inakula oili, kumbe gasketi ya kifuniko cha valvu ilikuwa inachuruzisha juu ya ekzosi, inaungua hukohuko na chini hapadondoki kitu. Kama ni pakavu, tazama moshi. Wa bluu unapowasha asubuhi tu, shuku sili za valvu. Moshi huo ukitoka kila unapokanyaga mafuta, hizo ni ringi za pistoni, na hakuna oili itakayoziponya.

Kwa joto la Dar mimi natumia 10W-40, ya katikati, namwaga kila kilomita 5,000 pamoja na filta. 20W-50 niliijaribu: ilipungua taratibu zaidi, lakini asubuhi valvu ziligonga sekunde kadhaa kabla oili haijapanda. Sikuirudia.

Halafu tafadhali, injini hiyo inachukua kama lita 3. Jaza kwa kusoma stiki ya kupimia oili, usimimine galoni zima la lita 4.