Kusi likilala: kuvua kwa mshipi kutoka ufukweni Tanga

Oktoba ikiingia, mtu wa pwani hapa Tanga hahitaji kuambiwa. Kusi lililotusumbua tangu Aprili linalala, maji yanatulia, na ule uchafu uliokuwa ukizunguka karibu na ufukwe unashuka chini mpaka unauona mchanga miguuni mwako. Haya ndiyo maleleji. Upepo haujashika upande mmoja, na kaskazi yenyewe itatulia kwenye njia yake mwezi wa Desemba. Kwa sisi tunaovua tukiwa tumesimama nchi kavu, bila ngalawa wala mashine, hizi ni wiki za thamani, na inaniuma nikiona watu wanazipoteza.

Wanazipoteza kwa kuvua kwa kufuata saa ya ukutani. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka mzima. Kila Jumapili saa mbili asubuhi nilikuwa Raskazone, kwa sababu ndiyo nafasi niliyokuwa nayo. Jumapili moja napata samaki watano aina ya changu, inayofuata narudi na chambo changu vilevile. Nikasema ni bahati. Haikuwa bahati hata kidogo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja, siku za maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne ndiyo yanajaa, tena kwa unyonge. Ile saa mbili yangu Jumapili moja ilikuta maji yanaingia na samaki nyuma yake, Jumapili nyingine ilikuta yanakimbilia nje.

Basi tazama mwezi kwanza, ndipo upange siku. Ukiwa na ruhusa ya siku moja tu kwa mwezi, iombe ile ya bamvua, ushuke saa nane mchana maji yakiwa yamepita nusu yanapanda, na uvue mpaka saa kumi na moja hivi. Samaki wa ufukweni huingia na maji kama kuku waliofunguliwa banda. Wanakuja kuokota kaa, kamba na minyoo kwenye tope lililokuwa kavu asubuhi. Ndiyo maana sikushauri urushe mbali. Wageni wengi wanatupa mshipi kwa nguvu zao zote, unaangukia nyuma ya samaki waliokwisha kupita. Hatua kumi au kumi na tano zinatosha.

Na kabla ya hapo, asubuhi ya siku hiyohiyo, nenda ufukweni bila mshipi. Saa nne maji yamepwa, bahari imekufungulia chumba chake. Tembea. Tafuta pale mchanga unapokutana na majani ya bahari, tafuta shimo kando ya jiwe, tafuta mfereji ambao maji yanautumia kurudi. Chukua alama ya mti au nyumba ili jioni, kila kitu kikiwa kimefunikwa, ujue unatupa wapi. Matembezi haya ya nusu saa yamenipa samaki wengi kuliko ndoana yoyote niliyowahi kununua.

Lakini ukitembea, angalia mgongo wako. Mwaka mmoja upande wa Mwambani nilikwenda mpaka kwenye mwamba wa nje nikaanza kuvua hukohuko. Mbele yangu maji yalikuwa bado ya vifundoni, nikajiona salama. Nyuma yangu, kwenye mfereji niliouvuka kwa miguu mikavu, yalikuwa yamefika kifuani na yanakwenda mbio. Maji hayajazi pwani kuanzia mbele kwenda nyuma. Yanajaza mabonde kwanza. Nilitupa kapu na samaki wote, nikavuka nikiogelea na viatu miguuni. Tangu siku ile, maji yakianza kupanda mimi niko upande wa nchi kavu.

Vifaa havina mambo mengi. Mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, ndoana ndogo kwa sababu midomo ya chaa na changu wa karibu ni midogo, na chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi. Kwenye mawe mimi hufunga plagi chakavu ya pikipiki badala ya chubwi, maana nyingine zitabaki hukohuko. Chambo nanunua soko la Deep Sea asubuhi: kamba wabichi, au ngisi niliyemkata vipande vyembamba kama kidole cha mtoto. Ngisi hung'ang'ania ndoana. Kamba hunukia zaidi lakini huibwa.

Mshipi uupitishe juu ya kidole cha shahada, nacho ukivishe kipande cha mpira wa baiskeli usije ukakatwa. Chaa hudonoa: tk, tk, kisha kimya. Usivute. Ngoja mshipi ulegee au uanze kutembea wenyewe, ndipo unyanyue mkono taratibu. Changu hana adabu hiyo, anaondoka na chambo moja kwa moja, na hapo utajua kwa nini nimetaja mpira.

Tasi umtoe kwa koleo au kitambaa kinene. Miiba yake ina sumu, na ikikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, maumivu hupungua. Bunju akivimba mkononi mwako, mrudishe baharini. Usimpelekee mtu nyumbani, hata kama unaambiwa kuna fundi wa kumsafisha. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na inaua.

Vuli ikinyesha sana na Mto Sigi ukateremsha udongo wa Usambara, maji ya kaskazini ya mji huwa mekundu kwa siku kadhaa. Siku hizo mimi huelekea kusini, Tongoni au Kigombe. Huko sehemu kubwa ni hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale wa vilindini, iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo naanza kwa kuwaona watu wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia ufukwe na uvuvi, nawauliza wapi panaruhusiwa, na mara nyingi wananionyesha na shimo lenye changu.