Azimio la kazi na bamvua: kwa mwalimu anayeanza kazi Mtwara

Mwalimu, karibu kusini. Najua ulivyokuja: begi moja, godoro la kununua stendi, na azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka mzima mwezi kwa mwezi, ulilonakili kwa rafiki uliyesoma naye chuo, ambaye yeye kapangiwa Morogoro. Nami nilikuja hivyo hivyo. Wiki ya kwanza mwalimu wa taaluma alinisifia mwandiko. Kufika wiki ya kumi, nilichoandika na kilichokuwa darasani vilikuwa havijuani.

Mtaala unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, ni mmoja kutoka Newala mpaka Bukoba, na huna ruhusa ya kuupunguza. Hata huu ulioanza kutumika Januari 2024, ambao kwa shule za msingi ulianza na Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, hauna toleo la Mtwara. Lakini chukua muhtasari wa somo uusome taratibu. Unakupa umahiri, shughuli za kujifunza na idadi ya vipindi. Safu za mwezi na wiki kwenye azimio unazijaza wewe, na hizo ndizo wengi wetu tunazinakili bila kufikiri.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa pwani, upande wa kwenda Msimbati. Kila baada ya wiki mbili hivi, darasa lilikuwa linapungua ghafla siku tatu nne, kisha linajaa tena. Nikaandika watoro, nikaita wazazi. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwenu hakuna bahari?" Ilikuwa bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji ya bamvua huku hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na ndipo akina mama na watoto wanapoingia mwambani kutafuta pweza. Hisabati yangu ilikuwa saa nne.

Ukishalijua hilo, huhitaji kubahatisha: tazama mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo niliacha kuanzisha mada mpya, nikaweka marudio na mazoezi, na Hisabati tukakubaliana na mwalimu wa taaluma iende kipindi cha kwanza. Utoro haukuisha, nisikudanganye. Ila aliyekosa siku tatu aliporudi hakutukuta tumeshahama mada.

Ukipangiwa mbali na pwani, Newala, Tandahimba au Masasi, kalenda yako ni korosho. Kuanzia Oktoba mtoto anaokota kwanza ndipo aje shule, kama anakuja, na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne huangukia humo humo. Mada ngumu zimalize kabla ya Septemba kuisha. Vipimo vya uzito, kinyume chake, mimi huviweka kiporo mpaka msimu uanze.

Nikuonyeshe kwa nini. Nilikuwa na Darasa la Nne, nimeazima mzani dukani, nikauliza kilo tatu za korosho ni gramu ngapi. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Kilo ya ghalani au ya kangomba?" Ghalani ndiko korosho hupimwa kwa mzani zikisubiri mnada. Kangomba, kama hujaisikia, ni ununuzi wa magendo. Mnunuzi anamfuata mkulima mwenye shida ya pesa kabla ya mnada, anampa bei ya chini, na mara nyingi anapima kwa bakuli. Basi tukatafuta bakuli, tukalijaza mpaka likafanya mlima, tukamimina kwenye mzani. Mshale ukaipita kilo moja. Darasa likanyamaza. Halafu wakaanza wenyewe: bakuli moja limezidi gramu ngapi, mabakuli hamsini je, kwa bei ya mnada ni shilingi ngapi zimepotea? Kuzidisha, kutoa, desimali, vyote vikaja bila kuitwa. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Nilipoharibu ni hapa. Nikauliza, nani kwao wanauza hivyo? Mikono ikapanda. Jioni baba mmoja alikuja barazani kwangu bila hata hodi. Kangomba ni kosa kisheria, nami nimemfanya mwanawe shahidi mbele ya watoto arobaini. Nilimwomba radhi, na alikuwa na haki. Bakuli na mzani vilete darasani, majina ya nani anauza yaache huko huko kijijini.

Likizo ya Juni nayo si likizo kwa wanafunzi wako. Wavulana wanaingia jando, wasichana unyago, na wako wanaoanza kabla hatujafunga shule. Mwezi Mei nenda kwa mwenyekiti wa kijiji uulize tarehe, ukiwa na mwalimu mwenyeji, na shikamoo usizibanie. (Wasichana wakicheka ukisema "somo letu la leo", usikasirike. Unyagoni somo ni mtu, yule anayemfunda mwali.) Mwaka wangu wa kwanza, Julai, niliita mahudhurio nikataja jina la kijana ninayemwona kabisa kakaa dirishani. Kimya. Nikarudia, wenzake wakacheka, yeye akainamisha kichwa. Alikuwa katoka jandoni na jina jipya, na kumwita la utotoni ni kumtukana. Rejista inabaki na la zamani. Siku hizi la pili naliandika pembeni kwa penseli, na ndilo ninaloliita.

Kuhusu lugha nitasema machache. Watoto wa Awali vijijini wengi wanafika na Kimakonde, Masasi utakutana pia na Kimakua na Kiyao. Mtoto akitamka "lula" huku kidole kiko kwenye "rula", huyo amesoma. Mpe vema, kisha litamke wewe.

Utaniuliza: wathibiti ubora, wale wanaokuja kukagua shule, wakija wakakuta mada imehama, itakuwaje? Azimio lina safu ya mwisho, Maoni, ambayo wengi huandika "imefundishwa" ukurasa mzima. Mimi huandika sababu: "Bamvua, wamehudhuria 19 kati ya 43, marudio", au "Imesogezwa Oktoba, msimu wa korosho". Mthibiti mmoja aliwahi kuisoma safu hiyo kuanzia juu mpaka chini, akafungua shajara yake, akauliza bamvua ijayo ni lini ili asipange kuja siku hiyo.