Baridi hii niifuate bendi? Ifuate, ila ifuate kwao

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: umewahi kufunga safari ndefu wakati wa baridi kwenda kuiona bendi unayoipenda ikipiga laivu, na je inalipa au ni kujitesa tu? Najua wengi watajibu ndio kwa mbwembwe na wachache watasema bora ubaki ndani na spika zako. Mi jibu langu ni ndio, ila lina sharti, usiifuate bendi ikiwa kwenye ziara, ifuate ikiwa nyumbani kwao.

Nieleze. Hizi bendi za indi, yaani zisizo chini ya kampuni kubwa za muziki, tunazozipenda sisi hazina malori kumi wala ndege ya kukodi, nyingi zinasafiri na van moja, vyombo vimerundikwa nyuma, jana walikuwa mji mwingine leo wako hapa kesho wako kwingine, na mara nyingi wanaendesha wenyewe au na fundi mitambo wao. Sasa theluji ikifunga barabara mahali fulani katikati, shoo inaahirishwa, na wewe ushafika, ushalipia pa kulala, unasoma tangazo la kuahirishwa kwenye simu huku umesimama mbele ya mlango uliofungwa. Yaani kwenye baridi safari huwa ni mbili, ya kwako na ya kwao, na ili usikie hata noti moja lazima zote mbili zifike. Bendi ikiwa kwao imebaki moja tu ya kuiombea dua. Hili watu hawalipigii hesabu kabisa, wanaangalia bei ya tiketi na utabiri wa hali ya hewa wa mji wanaokwenda basi, hawaangalii bendi inatokea wapi usiku wa kabla.

Mfano wangu ni Yo La Tengo, na hapa mtanisamehe maana nikianza kuwazungumzia hao sifungi mdomo. Ni watu watatu tu, Ira Kaplan kwenye gitaa, Georgia Hubley kwenye ngoma, hao ni mke na mume, halafu James McNew kwenye besi ambaye aliingia 1992 na hajatoka mpaka leo. Bendi yenyewe ilianza 1984 huko Hoboken, New Jersey, mji mdogo unaotazamana na Manhattan, katikati ni mto Hudson tu. Hawajawahi kuwa mastaa wa redio na sidhani kama waliwahi kutaka, wanabadilishana vyombo na kuimba kwa zamu, wimbo mmoja ni mnong'ono mtupu wa Georgia na unaofuata Ira anaipiga gitaa kama anagombana nayo dakika kumi na tano. Ukiwasikia kwenye rekodi peke yake unaweza kudhani ni bendi mbili tofauti.

Mwaka 2001 walianza kitu ambacho ndo kimenifanya niandike jibu hili, wanapiga usiku nane mfululizo katika Hanukkah, ile sikukuu ya taa ya Wayahudi ambayo na yenyewe ni usiku nane. Ukumbi ulikuwa Maxwell's, hapo hapo Hoboken, kichumba cha nyuma cha baa kilichokuwa kinabeba watu kama 200 hivi, na kukifikia ulikuwa unashuka kwenye PATH, ile treni ya kutoka Manhattan, halafu unapanda mtaa wa Washington karibu wote kwa miguu na upepo wa mtoni unakuchapa mashavu. Hawakufanya kila mwaka. Maxwell's ilipofungwa 2013 wengi tulijua imeisha, ikakaa kimya miaka kadhaa, mpaka 2017 wakafufua ng'ambo ya pili, Manhattan, kwenye Bowery Ballroom mtaa wa Delancey. Hilo ni jengo la 1929, lina roshani juu na baa chini, linachukua watu 500 na ushee, na kituo cha treni ya chini ya ardhi kipo pua na mlango, jambo ambalo mtu anayekaa nchi za joto hawezi kuelewa lina thamani gani mpaka atoke ukumbini saa sita usiku amelowa jasho na nje kuna barafu.

Kwa nini nasema inalipa kuliko shoo ya kawaida? Kwanza kila usiku ni tofauti kabisa. Kwenye ziara bendi ina orodha yake ya nyimbo, inabadilisha mbili tatu, watu wa mji huu wanasikia karibu kilekile walichosikia wa jana. Hapa wanajua kuna watu wanaorudi kesho na keshokutwa, kwa hiyo wanachimba, utasikia vitu vya zamani ambavyo hata wewe uliyejiita shabiki ulikuwa umevisahau. Bendi ya kufungua haitangazwi, inabidi ufike ndo uijue, kisha anapanda mchekeshaji, ndio, mchekeshaji katikati ya shoo ya magitaa, afu ndo wanaingia wenyewe, na mwishoni wanaita wageni wapige pamoja nyimbo za watu wengine, nyingi zikiwa za watunzi wa Kiyahudi. Sun Ra Arkestra, kundi kubwa la jazi, wamewahi kupanda pale na matarumbeta yao na mavazi yao yanayometameta, hebu fikiria ulikuja kusikiliza watu watatu ukakuta stejini hapatoshi. Na usiku wa mwisho imekuwa desturi mama yake Ira anapanda kuimba. Mapato ya kila usiku yanakwenda kwa shirika la hisani tofauti, kwa hiyo hata ile dhamiri inayokunong'oneza kwamba unatumia pesa ovyo unaipa jibu.

Halafu kuna suala la hadhira na hili ni maoni yangu tu, mnaweza kubisha. Watu waliokatiza kwenye theluji hawaji kupiga stori. Kiangazi nimesimama kwenye matamasha ambayo Georgia anaimba kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto na nyuma yangu watu wanajadili nani kaacha kazi na nani kanunua gari, unatamani ugeuke uwazime. Desemba ndani ya ukumbi mdogo huoni hayo sana, kila mtu amelipia kwa pua yake iliyoganda, anataka asikie. Wimbo wa polepole unaweza kusikia barafu ikigongana kwenye glasi ya mtu kule baa, halafu zinakuja zile kelele za gitaa na joto la miili linapanda mpaka miwani inaota ukungu.

Desemba 2022 ndo iliyonithibitishia hii nadharia yangu ya safari mbili. Hanukkah mwaka ule ilianzia tarehe 18 mpaka 25, na mnakumbuka ilikuwaje wiki ya Krismasi Marekani, ile dhoruba iliyouzika mji wa Buffalo kwenye theluji na kufuta maelfu ya safari za ndege. New York yenyewe tarehe 23 asubuhi ilikuwa mvua na kajoto ka ajabu, kufika usiku joto limeporomoka mpaka madimbwi yamekuwa kioo, yaani kwa siku moja unavaa koti jepesi na unajuta. Basi nililokuwa nimekata tiketi lilifutwa kwa ujumbe wa mstari mmoja, hawakusema hata pole, nikahangaika na treni iliyojaa watu wamekaa juu ya mabegi yao. Nikafika. Na bendi ikapiga, kwa sababu wao hawakuwa na pa kutoka, ni wa pale pale. Rafiki yangu mwingine wiki hiyohiyo alikuwa na tiketi ya bendi nyingine iliyokuwa inakuja kwa barabara kutoka majimbo ya kati, wakakwama, akarudishiwa pesa ya tiketi lakini pesa ya nauli nani akurudishie?

Sasa kwa atakayejaribu, mambo machache ambayo hakuna anayekwambia. Simu. Tiketi siku hizi iko kwenye simu na betri inaishiwa nguvu haraka sana kwenye baridi kali, unaweza kuwa na asilimia thelathini kwenye foleni na ikajizima hapo hapo, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili na usiitoe kupiga picha za foleni, hakuna anayezihitaji. Koti nalo ni mtihani. Nje unalihitaji kuliko unavyohitaji rafiki, ndani ni adui, na ukilitunzisha mlangoni jua utasimama foleni ya kulichukua wakati wenzako wanakimbilia treni ya mwisho. Mi navaa nguo nyingi nyepesi zinazopandana na koti la juu linalokunjika, nalifunga kiunoni, sipendezi lakini nani ananiangalia mi wakati Ira yuko stejini. Viatu, vaa visivyopitisha maji, zile kona za barabara zina matope ya theluji yanayojifanya ni lami, unakanyaga unazama mpaka kifundo halafu unasimama masaa matatu na soksi mbichi. Na vizibo vya masikio jamani, hao watu wanapiga kwa sauti kubwa mno, usijifanye shujaa.

Panga kufika siku moja kabla kama unaweza, yaani hilo ndo bima pekee ya kweli. Na angalia kalenda vizuri maana Hanukkah inafuata kalenda ya Kiyahudi na inahama, 2018 ilianza Desemba 2, 2024 ikaanza Desemba 25 yenyewe, kwa hiyo ukizoea kuomba likizo wiki ileile kila mwaka utaishia kufika ukumbi una harusi ya watu. Ikiangukia kwenye Krismasi nauli zinapaa na pa kulala panakuwa pa shida, ikiangukia mwanzoni mwa Desemba maisha ni rahisi sana.

Kuna watakaosema mbona rekodi za usiku hizo zipo, ukikaa kwako utasikia zote nane bila kupigwa na upepo. Ni kweli, na mi nazisikiliza sana. Ila rekodi haikupi ile ya kutojua, ile dakika taa zimezimwa na mgeni anapanda na watu wa mbele wamemtambua na nyie wa nyuma bado mnaulizana ni nani yule, ni nani yule. Ukisikiliza baadaye jina lake limeshaandikwa pale juu.

Na kama mfuko wako unaruhusu usiku mmoja tu, watu wengi watakwambia nenda wa kwanza au wa mwisho. Wa mwisho una mama yake Ira, sikatai, ila tiketi zake zinagombewa na ukumbi unajaa watu waliokuja kusema walikuwepo. Mi nakwambia nenda wa tano au wa sita. Kufikia hapo vidole vimeshapata moto, zile nyimbo ambazo kila mtu anazitarajia zimeshapigwa siku za mwanzo, sauti ya Ira imeanza kukwaruza kidogo, na wanaanza kupiga vitu ambavyo nahisi hata wao asubuhi yake hawakujua watavipiga.